Shemeji wa Kabatini

Kabati lile ni langu. Nalisema mapema kwa sababu nimesikia watu wakihadithia kwamba lilikodiwa, na wengine kwamba seremala alilitengeneza makusudi kwa ajili ya mchezo. Si kweli. Nilitoka nalo kwa wazazi wangu nilipoolewa. Ni la mbao nyekundu, milango miwili, kioo upande wa kushoto chenye ufa kwa chini, na mguu mmoja wa nyuma ni mfupi, umeinuliwa kwa kipande cha kigae. Wanaume wanne walilibeba kutoka chumbani kwangu hadi ukumbini, mimi nikifuata nyuma na funguo mkononi, nikiwaambia wasilibamize, na kila kona wakalibamiza.

Aliyelitaka ni mjukuu wangu. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, lakini akitoka shuleni kazi yake ni kuandika michezo ya kuigiza na kuwasumbua watu wazima. Mwaka ule aliandika kichekesho cha wapiga tarumbeta wawili wanaogombea kazi moja hotelini. Hoteli inataka mtu mmoja tu wa kuwapigia wageni muziki wakati wa chai. Hawa wawili wanafika siku moja, saa moja, wamevaa makoti yanayofanana kama mapacha, na kuanzia hapo ni vituko mtindo mmoja. Huyu anamtilia mwenzake kiazi ndani ya tarumbeta. Yule anamficha mwenzake kiatu. Mbele ya meneja wanasifiana, chini ya meza wanakanyagana vidole. Mwishoni meneja anawaambia wamehangaika bure, kazi alishampa shemeji yake tangu jana. Huyo shemeji haonekani. Anatajwa tu, na pazia linafungwa.

Mimi nilipewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kushona mavazi, maana cherehani ndiyo iliyonilisha mimi na wanangu miaka yote. Ya pili ilikuwa ukumbushaji. Mkumbushaji anakaa kando ya jukwaa, nyuma ya pazia dogo, na daftari la mchezo mapajani. Mwigizaji akisahau maneno, anamnong'oneza. Shule yangu ni ya msingi tu, lakini kusoma nasoma, kwa kidole, neno baada ya neno, kama tulivyofundishwa. Siruki hata nukta.

Mpiga tarumbeta wa kwanza alikuwa kinyozi wetu, ambaye mtaa mzima unamwita Wembe, kwa sababu ya kazi yake na ulimi wake pia. Wa pili alikuwa muoka mikate, mnene, mpole, anayeongea kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Huyo tunamwita Siagi. Meneja wa hoteli alikuwa mzee mwenzangu aliyestaafu posta, na mpaka leo jina lake ni Karani. Karani alikuwa na sura ya umeneja na tumbo la umeneja. Alichokosa ni kumbukumbu. Kila alipofika mahali pa kukagua tarumbeta, ukurasa wa ishirini, alinyamaza, akatazama dari, mpaka nimtilie neno mdomoni kama uji.

Shida kubwa ilikuwa kwamba kati ya wapiga tarumbeta wetu hao wawili hakuna aliyejua kupiga tarumbeta. Siku ya kwanza ya mazoezi Wembe aliitia mdomoni, akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalalamika, akapuliza. Ikatoka sauti ya mtu anayepenga kamasi.

"Huo wimbo naujua," akasema Siagi kwa upole wake. "Ni ule wa mafua."

"Haya, mzee wa maandazi, tuonyeshe wewe."

Siagi akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Kitu pekee kilichotoka ni unga kidogo, ulioanguka kutoka kwenye masharubu yake.

Mjukuu wangu akanitazama. Nami nikamtazama. Sote wawili tulikuwa tunamfikiria baba yake.

Mkwe wangu anauza rangi za nyumba. Lakini alipomwoa binti yangu alikuwa mpiga tarumbeta, na alikuwa mpiga tarumbeta kwelikweli. Miaka mitatu kabla ya mchezo huu alikwenda kujaribiwa kazi katika bendi moja kubwa. Walikuwa wengi kwenye foleni, nafasi ilikuwa moja. Alipofika mbele ya wakubwa waliokaa mezani, sauti yake ya kwanza ilipasuka, ikatoka kama mlio wa mbuzi. Wakubwa wakacheka. Hawakucheka vibaya sana, nasikia, walicheka tu kama watu waliochoka. Yeye akageuka, akatoka, akaacha kofia yake juu ya kiti, na mpaka leo hajairudia. Alipofika nyumbani akaifunika tarumbeta kwa taulo, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Hakugomba na mtu wala hakulewa. Alinyamaza tu.

Binti yangu aliniambia siku moja tunachambua mboga, "Mama, nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji ikipumua."

Asichokijua mkwe wangu ni kwamba sisi tulijua siri yake. Jumatano akishafunga duka la rangi, akishashusha mlango wa bati, alikuwa anaingia stoo nyuma ya madebe na kupiga tarumbeta peke yake, ile ile ya juu ya kabati, aliyoibeba kwa kificho. Alidhani hasikiki. Mtaa mzima ulikuwa unasimama. Wembe alikuwa anaacha ndevu za mtu nusu, anakuja mpaka ukutani. Siagi alikuwa anakuja na unga mikononi. Wimbo ukiisha tunatawanyika kwa kunyata, kila mmoja amebeba viatu vyake, ili asije akatoka akatuona akaacha na hilo nalo.

Kwa hiyo nilichokuwa nakitaka mimi katika mchezo ule hakikuwa makofi. Nilitaka mkwe wangu apige mbele za watu tena, hata mara moja, kabla uoga haujamwotea mizizi. Lakini mimi na yeye tuna heshima zetu. Mama mkwe hawezi kumkalia mkwe wake kikao. Tunaamkiana, tunaulizana afya, tunaitikiana. Tukikutana mlangoni mimi nampisha yeye, yeye ananipisha mimi, mpaka wote tunakwama na binti yangu anakuja kuuliza nani amezuia njia. Basi nikamwachia mjukuu aende kwa baba yake.

Akarudi na masharti. Baba amekubali, ila asionekane na mtu. Jina lake lisiandikwe kwenye tangazo. Aingie kabla ya watu hawajafika, atoke wakishaondoka.

"Mke mwenzangu," nikamwambia mjukuu, maana ndivyo tunavyotaniana, "baba yako anataka kupiga tarumbeta akiwa kaburini?"

"Kabatini, Bibi," akasema. "Nataka kabati lako."

Ndivyo kabati langu lilivyofika jukwaani. Tuliling'oa ubao wa nyuma ili apate hewa, na nyuma yake hatua mbili ulikuwepo mlango wa uani wa ukumbi. Ndani tukaweka kigoda. Mbele milango ikafungwa, na watazamaji wakaona kabati tu, la chumba cha meneja. Mkwe wangu alipoingia mara ya kwanza alipiga chafya saba, kwa sababu ya vidonge vya kufukuzia nondo ambavyo harufu yake haijatoka tangu niolewe.

Sasa, aliyefungiwa kabatini haoni jukwaa. Atajuaje zamu ya Wembe na zamu ya Siagi? Nikafikiria uzi. Nilichukua uzi wa kushonea magunia, mita sita, nikaupitisha chini ya zulia kutoka kwenye kiti changu mpaka ndani ya kabati. Mwisho mmoja nilishika mimi. Mwisho mwingine alijifunga mwenyewe mkononi, kwa kitanzi chepesi, maana mimi siwezi kumfunga mkwe kamba. Nikivuta mara moja, anapiga tarumbeta wazi, kwa kishindo: hiyo ni ya Wembe. Nikivuta mara mbili, anaziba mdomo wa tarumbeta kwa kopo la bati la chai, na sauti inatoka nyororo, ya puani kidogo: hiyo ni ya Siagi. Nikivuta kwa kirefu, ananyamaza. Mtu mmoja akawa wawili, na ukikaa mbele ungeapa kwamba wale wawili wanachukiana.

Siku moja ya mazoezi usingizi ulinichukua. Nikashtuka uzi unavutwa kutoka upande wa pili, polepole, mara mbili, kwa adabu. Tangu hapo kila tulipomaliza alinivuta mara moja kuniaga, nami nikamjibu. Miaka zaidi ya ishirini ya ukwe, hatukuwahi kuongea sana kama tulivyoongea kwa uzi ule.

Makoti niliyashona mekundu, vifungo vya dhahabu, mikia miwili nyuma. Kitambaa kikabaki, cha koti moja zima. Nikamtuma mjukuu akamuulize baba yake kama na yeye angependa. Jibu lilikuwa: "Mwambie Mama ahsante sana. Anayekaa kabatini koti la nini?" Nikakikunja kitambaa, nikakiweka. Sikukikata.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Asubuhi ya siku ya mchezo, Siagi aliomba daftari ajikumbushe. Akalirudisha ukurasa wa ishirini umechanika kutoka katikati mpaka pembeni, na una alama za vidole vya siagi ya kweli.

"Samahani, Mama. Nilikuwa nageuza na mikate huku."

"Ulikuwa unageuza nini kwa nini?" akasema Wembe. "Tungekula ukurasa wewe ukatusomea mkate."

Nikalipeleka daftari, lililoandikwa upande mmoja tu wa kila karatasi, kwenye cherehani. Nikaweka kipande chembamba cha kitambaa cha kola juu ya mpasuko, nikashona mshono mmoja mzuri, nikakata uzi. Nilijisifu kabisa. Hamna fundi asiyejua hili: anayeanza kazi, ukimpa ashone mfuko wa suruali, atashona mfuko na kushika na upande wa pili, na suruali itakuwa imejifunga haiingii mguu. Wanafunzi wangu wote wamefanya hivyo, na wote nimewacheka. Siku ile, baada ya miaka arobaini ya cherehani, nilishona ukurasa wa ishirini nikaushika pamoja na wa ishirini na moja. Sikuona.

Mchezo ulianza saa kumi alasiri. Ukumbi ule zamani ulikuwa ghala la vigae, na viti vilikuwa vya kuazima, vya kila aina, mpaka vya saluni ya Wembe. Vilijaa. Binti yangu alikuwa mlangoni anakata tiketi. Mjukuu alisimama upande wa pili wa jukwaa anatafuna kalamu. Mimi kidole changu kilikuwa kwenye mstari wa kwanza.

Mambo yalikwenda. Kiazi kilipotoka kwenye tarumbeta ya Siagi, mama mmoja wa mstari wa mbele alicheka mpaka akaomba apewe maji. Nilivuta mara moja, kishindo. Nilivuta mara mbili, nyororo. Nikasikia watu wakinong'onezana kwamba huyu muoka mikate kumbe ana kipaji, ameficha wapi siku zote.

Tukafika ukurasa wa ishirini. Meneja anawaambia, "Leteni hizo tarumbeta nizikague." Anazichukua, anazifuta kwa leso. Hapo ndipo Karani hunyamaza. Akanyamaza. Nikamnong'oneza neno, akalisema, akanyamaza tena. Nikageuza ukurasa. Kurasa mbili zikageuka pamoja, na kidole changu kikatua kwenye ukurasa wa ishirini na mbili, mstari wa kwanza: Mpiga tarumbeta wa pili anapiga wimbo wake wa kumaliza. Mimi naamini kidole. Nikavuta mara mbili.

Kabatini ukaanza ule wimbo. Ni wimbo alioutunga mwenyewe wakati mjukuu wangu akiwa mchanga hataki kulala. Ulitoka mtamu, umefunikwa na kopo, ukajaza ukumbi.

Na tarumbeta zote mbili zilikuwa mikononi mwa Karani, moja kwapani, nyingine inafutwa kwa leso.

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia. Nilichungulia kwenye pazia. Karani alikuwa ameishika tarumbeta mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika paka wa jirani. Wembe akachungulia ndani ya tarumbeta, akaweka sikio, akatikisa. Siagi akapiga magoti kuutafuta wimbo chini ya meza. Nikavuta uzi kwa kirefu, kumwambia anyamaze. Nikavuta kwa nguvu za hofu, na uzi ukanijia wote. Kitanzi kikafika mapajani kwangu kitupu.

Yeye akaendelea kupiga, hajui. Watu wakaendelea kucheka. Kisha nikasikia wimbo ukikatika katikati, na nikajua kicheko kimemfikia.

Niliacha kiti. Niliacha na daftari. Nilizunguka nyuma ya jukwaa na miguu yangu hii mpaka mgongoni kwa kabati. Nikamkuta kwenye kigoda, na ovaroli lake la dukani lenye madoa ya rangi, anafunga tarumbeta kwenye mfuko.

"Mwanangu," nikamwambia, "kosa ni langu. Nimeruka ukurasa."

"Wananicheka, Mama."

"Hawajui hata kama upo. Wanamcheka Karani na tarumbeta inayojipiga."

Alikuwa anautazama mlango wa uani. Nami nilijua kwamba akiupita ule mlango, hata Jumatano za stoo zitakwisha, na binti yangu atabaki kusikiliza friji.

Mbele pakawa kimya. Kimya cha jukwaani kirefu kuliko kimya cha kawaida. Halafu nikasikia viatu vya Karani vinakuja kwenye kabati, polepole. Karani, ambaye hajawahi kukumbuka mstari mmoja bila mimi, na mimi sipo kwenye kiti.

Akagonga. "Hodi."

Mkwe wangu akanitazama. Nikamtazama.

"Hodi humu ndani."

Namjua mkwe wangu. Hata akiwa na homa ya kutetemesha kitanda, ukibisha hodi ataamka akukaribishe. Mdomo ulikuwa umeshaanza kumcheza. Akaubana.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," akasema. Kwa sauti ya chini, ya heshima, kama anayemkaribisha mgeni sebuleni.

Ukumbi ulivunjika. Karani akafungua milango yote miwili, na watu wakaona mtu mzima kwenye kigoda na kopo la bati mkononi, na nyuma yake, kwa sababu ubao wa nyuma haukuwepo, kikongwe mwenye miwani na futi ya kupimia shingoni.

Karani alinitazama juu ya miwani yake. "Kumbe shemeji umekuja na mama," akasema.

Halafu akawageukia Wembe na Siagi. "Mabwana, poleni kwa usumbufu. Huyu ni shemeji yangu. Kazi nilishampa tangu jana. Alikuwa anapumzika kidogo."

"Ndani ya kabati?" akauliza Wembe.

"Nyumba bado hajapata."

Walicheka mpaka vumbi la vigae likadondoka kwenye dari. Wembe akasubiri kicheko kishuke, na ninamjua Wembe, alijua anachokifanya, maana miaka mingi amemnyoa mkwe wangu kichwa kile na kusikiliza ukutani. Akasema, "Sisi hatuondoki hapa mpaka huyo shemeji apige tumsikie."

Na Siagi, kwa sauti yake ya kubembeleza: "Mara moja tu, shemeji. Tuondoke na roho safi."

Basi mkwe wangu akawa katikati. Mbele yake watu, nyuma yake mimi na mlango wa uani. Akasimama. Akageuka upande wangu, na nikaona kabisa kwamba anataka kutoka. Mimi ningefanya nini? Nilifanya lile ninalolifanya siku zote. Nikasogea kando, nikampisha njia.

Naye akafanya lile analolifanya siku zote. Akainamisha kichwa, akasema, "Tafadhali Mama, pita," akarudi nyuma kunipisha. Hatua moja, ya pili. Ya tatu ikamtoa kabatini, kinyumenyume, mpaka katikati ya jukwaa. Alipogeuka, watu wote walikuwa mbele yake.

Aliitoa tarumbeta kwenye mfuko. Akaitia mdomoni. Sauti ya kwanza ikapasuka. Mlio wa mbuzi, ule ule.

Watu wakacheka. Lakini Wembe pale pale akamrukia Siagi na kumkumbatia, akasema, "Tumepona, ndugu yangu, huyu hawezi kitu," na Siagi akapanga tai yake kama aliyekwishaajiriwa. Nikaona mabega ya mkwe wangu yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mdomo bado umegusa tarumbeta, na kicheko chake kikatoka kwa upande wa pili wa bomba kama mlio wa bata, na hilo likawamaliza kabisa watu.

Akafuta midomo kwa mkono. Akaanza tena, bila kopo. Wimbo wa kumlaza mtoto, wote, kutoka mwanzo, ukumbi umenyamaza hata viti vya kuazima havilii. Mlangoni binti yangu alisimama na kitabu cha tiketi kifuani. Mjukuu, aliyetungiwa wimbo huo, kalamu ilikuwa imemtoka mdomoni, na wino ulikuwa umemchafua kidevu. Mimi nilikuwa bado nimesimama ndani ya kabati langu mwenyewe. Sikukumbuka kutoka mpaka pazia lilipofungwa.

Watu waliamini ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Wengine walimpongeza mjukuu kwa akili ya kuweka bibi kizee kabatini. Karani alikuja kwangu anajifuta jasho. "Dada," akasema, "umeona leo hukunikumbusha hata neno?"

"Nimeona. Sasa mbona siku zote unanichosha?"

"Siku zote unakuwepo," akasema.

Mjukuu alilichukua daftari, akalipekua, akafika kwenye mshono wangu. Akaushika kwa vidole viwili. "Bibi, hii nini?"

"Mfuko," nikasema.

Nilitaka kuufumua siku ile ile, akanikatalia. Akasema mchezo utarudiwa Jumamosi inayofuata, na ukurasa wa ishirini na moja ubaki pale pale ulipo.

Jumatatu, akishafunga duka, mkwe wangu alikuja kwangu. Alibisha hodi, nikamkaribisha. Akaniamkia, nikaitikia. Tukaulizana afya, tukaulizana tena, tukaulizana hali ya hewa. Mjukuu alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya wanafunzi, akawa anatutazama kwa jicho la pembeni. Mwishowe mkwe akakohoa.

"Mama, kile kitambaa chekundu bado kipo?"

"Kipo."

"Sijui kama kitatosha."

"Kitatosha."

Akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono kama nguo kwenye kamba. Mjukuu akachukua futi, maana si kazi ya mama mkwe, akawa anampima baba yake na kunitajia. Bega, arobaini na nane. Mkono, sitini na mbili. Mimi nikaandika, kidole kimoja kikifuata mstari.

"Na mfuko wa ndani, Mama, kama haitakuwa taabu," akasema. "Wa kuwekea kopo."

"Nitashona. Na nitaangalia pande zote mbili."

Akatabasamu, akatazama chini. Kisha, alipokuwa anavaa viatu mlangoni, akauliza, "Na ule uzi?"

"Uzi wa nini tena? Sasa si utakuwa nje unaona kila kitu."

"Naona, ndiyo. Lakini naomba ubaki, Mama."

Nikaandika chini ya vipimo vya koti: uzi wa gunia, mita sita.